Mlango wa Kumi na Nne

Udongo wa kaburi la Lumbasi ulikuwa bado mbichi Ayuma alipoanza kusoma milango. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mazishini kwa kile kijia kinachoteremka mtoni, leso zimefungwa viunoni, sauti zimekauka kwa kulia. Ayuma akasimama mbele ya nyumba ya marehemu, akaukazia macho mlango kama mtu anayesoma tangazo la chifu. Juu yake, kwa wino mweusi mnene, palikuwa pameandikwa 12.

"Mama Kageha," akaita bila kugeuka. "Mzee Wangila alikuwa namba ngapi?"

Awinja, ambaye ndiye Mama Kageha, alijua. Upande huo wa Malinya kila mtu alijua namba ya kila mtu, kwani tangu Agosti, serikali ilipohesabu watu na kuacha namba kwenye milango, hakukuwa na kitu kingine kipya cha kutazama. Lakini yako maswali ambayo ni heri mtu ajifanye mjinga.

"Mimi sisomangi milango ya watu," akasema.

"Kumi na moja," Ayuma akajijibu. "Wangila kumi na moja, akaenda. Lumbasi kumi na mbili, tumetoka kumfunika sasa hivi. Kumi na tatu ni nani?"

Kumi na tatu alikuwa Ayuma mwenyewe na mumewe Cornelius. Na ng'ambo ya ua, nyumba iliyofuata, ilikuwa ya mdogo wake Cornelius aitwaye Protus, mume wa Awinja. Hiyo ndiyo ilikuwa kumi na nne.

"Na aliyeandika," Ayuma akaongeza polepole, "si alikuwa mtoto yako?"

Wanawake wote wakakumbuka kwamba wana kazi nyumbani.

Sasa, haki isemwe. Mzee Wangila alikuwa amepita miaka themanini, alikuwa kitandani tangu Pasaka, na mwenyewe alishaagiza ni fahali gani waletwe siku yake na nani apige ngoma za isukuti. Lumbasi naye aliangukiwa na shimo la dhahabu ambalo hata watoto walikatazwa kulikaribia baada ya mvua. Tena kati ya vifo hivyo viwili alikufa mama mmoja wa namba nne, lakini yeye aliwekwa kando. Walisema huyo aliuawa na pombe yake mwenyewe ya busaa. Mwenye hofu huhesabu namna hiyo: kinachoingia kwenye mstari anakishika kwa mikono miwili, kisichoingia anakiacha njiani.

Awinja hakuyafikiria hayo. Alifika nyumbani, akautazama mlango wake, akaingia ndani haraka.

*

Kageha alikuwa jikoni akichambua maharagwe. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, mrefu kama babake, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anangoja nafasi ya chuo cha ualimu. Kazi ya sensa ilikuwa ndiyo kazi yake ya kwanza duniani. Siku alipopewa begi la serikali na ile kalamu nene watu wanayoiita makapeni, Awinja alisimama uani akamtazama akishuka njia, akajiona kweli amezaa. Leo alimtazama kwa jicho lingine.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangalia vipi?"

"Kama unanitafuta chawa."

Awinja akavuta kigoda, akakaa. "Hizo namba zako. Ulianzia wapi kuandika?"

"Kwa posho mill."

"Kwa nini huko? Nyumba ya kwanza ukitoka barabarani ni ya Wangila."

Kageha akacheka. "Ile mbwa ya mzee ilinifukuza. Si ilinirarulia sketi, na ni wewe uliishona? Nikakimbia juu, nikaanzia kwa ile mashine ya kusaga. Nilirudi kwa mzee baadaye, wakati walikuwa wamefunga mbwa. Ndiyo akakuwa kumi na moja."

"Mbwa tu?"

"Mbwa tu, mama."

Awinja hakuridhika. Angeambiwa kwamba serikali ndiyo iliyoamua, angeiogopa serikali, na hilo ni jambo ambalo watu wamelizoea. Lakini mbwa! Watu wawili wamelala chini ya udongo kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine, halafu mtoto anasema ni mbwa. Akamtazama bintiye akitupa maharagwe mabovu kando, vidole vyake vyepesi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama kweli anamjua.

Alikumbuka siku ya kuhesabiwa. Kageha aliketi hapo hapo, begi magotini, akamuuliza mamake kama mtu wa mbali: "Umezaa watoto wangapi? Walio hai ni wangapi?" Kwao mtu hahesabu watoto. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakwambia "wapo," basi, kwa sababu anayetaja idadi anamwonyesha mwizi ghala. Awinja alijaribu kusema "wapo." Kageha akasema, "Mama, wapo hakuna mahali pa kuandika." Ndipo Awinja akasema kwa sauti ndogo: watano. Walio hai, watatu. Kageha na wavulana wawili wanaosoma bweni. Hakuwa amewahi kuitoa hesabu hiyo kinywani mwake, na alipoitoa alihisi baridi, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya mlango wazi.

Tena kulikuwa na godoro. Mwisho wa Septemba Kageha alikuja na godoro jipya la sponji juu ya baiskeli ya kukodi, akasema, "Mama, wacha mgongo upumzike." Awinja alilia kwa furaha siku hiyo. Sasa pale mazishini alikuwa amesikia wanawake wawili wakinong'ona kwamba wahesabu watu hulipwa kwa kila jina, na kwamba majina yanayokufa malipo yake ni maradufu. Upuuzi, alijiambia. Lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Jioni hiyo alipotandika, alilikunja godoro akalisimamisha pembeni, akatandika mkeka.

"Mgongo," alimwambia Protus alipouliza. "Hilo godoro ni laini sana, linaniumiza."

*

Haikupita wiki Cornelius akashikwa na homa. Alitetemeka, akatapika, akapandishwa baiskeli ya bodaboda, mtu mmoja akisukuma na mwingine akimshikilia, akapelekwa hospitali ya misheni huko Mukumu. Kabla baiskeli haijafika barabarani, habari ilikuwa imeshazunguka: kumi na tatu imeanza.

Kuanzia hapo Awinja alijifunza jinsi watu wanavyoweza kukutukana bila kufungua mdomo. Posho mill, mwenye mashine alimwambia gunia lake lingoje, likangoja mpaka wa mwisho. Kanisani, wakati wa kupeana mikono, mama aliyekaa kando ya Kageha aliingiza mikono yake ndani ya leso, akatabasamu. Chemchemini Kageha alimsaidia mwanamke mmoja kujitwika ndoo. Yule mwanamke akashukuru, akatembea mpaka kwenye kona, kisha akamwaga maji yote na kurudi kuteka upya. Na sokoni alikuwapo mhubiri aliyekuwa akipiga kelele tangu Agosti kwamba wameanza na mlango, kesho wataandika namba ya Mnyama kwenye paji la uso. Wakati ule watu walimcheka. Sasa walimpa kiti.

Ayuma alikuja siku ya pili baada ya mumewe kulazwa. Alisimama katikati ya ua, akakataa kigoda, akakataa chai.

"Sikukuja kukaa, Mama Kageha. Nimekuja na neno moja. Mwambie mtoto yako akuje afute kile aliandika kwa mlango wangu."

Kageha akatoka jikoni, akijipangusa mikono. "Mama mkubwa, mimi siwezi kufuta. Tuliambiwa namba zikae mpaka wakubwa wamalize kukagua."

"Wakubwa ndio wamemlaza bwana yangu?"

"Daktari alisema ni taifodi."

"Na hiyo taifodi ilijuaje nyumba ya kuingia?"

"Taifodi haijui kusoma, mama mkubwa," Kageha akasema, na midomo yake ikacheza kidogo. Alikuwa mtoto wa kupenda mzaha, na mzaha wenyewe ulikuwa mzuri, ila haukuwa mahali pake. Uso wa Ayuma ukafunga.

"Umemsikia?" akamwambia Awinja. "Bwana yangu ako kwa kitanda ya hospitali, na yeye anacheka. Sawa. Liguru Ambani ameita mkutano wa kijiji kesho saa nane, kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Kageha. Mimi nimeshajua changu. Wewe chunguza chako."

Alipoondoka, Kageha alimgeukia mamake akingoja neno. Neno moja tu lingetosha, hata tusi kwa Ayuma. Awinja akaanza kufagia ua uliokuwa umeshafagiliwa.

*

Asubuhi ya mkutano, Awinja alipopeleka ng'ombe malishoni alipita karibu na nyumba ya shemeji yake, akaona. Mlango wa Cornelius ulikuwa mweupe. Ayuma alikuwa hakungoja mtu. Alikuwa ameusugua kwa majivu na gunzi la mahindi mpaka mbao ikaonekana kama imetoka kwa fundi jana.

Awinja alisimama na kamba ya ng'ombe mkononi. Kama kinachokuja kinafuata namba, na kikafika hapa kisikute namba, kitafanya nini? Hakitarudi nyuma. Kitavuka ua.

Alirudi nyumbani karibu mbio. Protus alikuwa anakunja kamba yake ya kushukia shimo la dhahabu, karai na sururu viko miguuni pake.

"Baba Kageha, leo usiende."

"Mvua imekata. Shimo limekauka."

"Lumbasi pia alisema limekauka."

Protus alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyapima. Akamtazama mkewe. "Lumbasi alichimba chini ya ukingo, peke yake, na tulimkataza. Ukitaka niogope, niambie niogope udongo. Usiniambie niogope wino."

"Ayuma amefuta yake."

"Ayuma anaogopa, ako na mgonjwa. Mimi nitatoka shimoni niende moja kwa moja kwa mkutano. Na wewe utakuwa hapo, ukae kando ya mtoto. Watu waone." Akatupa kamba begani, akaondoka.

Kageha naye alikuwa ameamka mapema kuliko wote. Alikuwa amepika uji wa wimbi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akaenda Mukumu kumwona baba yake mkubwa. Alisema atarudi kwa wakati wa mkutano. Kwa hiyo nyumba ilibaki na Awinja na ule mlango.

Alimpenda Protus. Si jambo alilolisema, na Protus naye hakuwahi kuliuliza, lakini alikuwa ameishi miaka yote ya ndoa yake akisikiliza hatua zake jioni, akijua kwa mlio wa karai kama siku ilikuwa nzuri au mbaya. Alimwona sasa anashuka gizani na kamba kiunoni, na juu ya giza hilo ile namba. Hakuamini. Angeapa mbele ya padri kwamba hakuamini. Lakini kutoamini ni kitu kimoja, na kuacha mlango wako umeandikwa wakati jirani amefuta ni kitu kingine.

Alichukua majivu kiganjani, akachukua gunzi. Alijiambia kwamba mlango una masizi, ungehitaji kusafishwa hata hivyo. Moja ikatoka upesi. Nne ilishika, wino ulikuwa umeingia kwenye nyufa za mbao, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Alipomaliza aliusukuma mlango ndani mpaka ukaegemea ukuta, ulivyokaa siku zote mchana, upande wa nje ukajificha. Hakuna mtu angeona. Akanawa mikono mara mbili.

Saa nane ilipokaribia, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake kwa komeo. Hakufikiri.

*

Ua wa Cornelius ulijaa. Liguru Ambani, mzee wa kijiji, mtu mwembamba mwenye kofia ya kaki iliyofifia, alianza kwa kusema asiyekuja na kiti akae chini, na aliyekuja na rungu alirudishe nyumbani. Watu wakacheka kidogo. Wawili wakatoka kweli.

Protus alifika mzima, matope mpaka magotini, na Awinja akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishikilia tangu asubuhi. Kageha naye akaingia na chupa yake ya chai mkononi. Akasalimia. Walioitikia walikuwa wachache.

Wa kwanza kusema alikuwa mama yake Lumbasi. Hakupiga kelele. Alisema, "Huyu msichana alikuja kwangu Agosti. Akaniuliza mko wangapi, nikamtajia. Akamwandika Lumbasi. Oktoba nikamzika. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu." Akakaa, akajifunika uso, na hata wale waliokuja kuchekelea wakainama. Awinja alitamani ardhi impasukie.

Ayuma akafuata. Yeye alitaja namba moja baada ya nyingine, kwa vidole. Alipofika kwa mumewe sauti ikakatika.

"Kageha," liguru akasema. "Umesikia. Sema."

Kageha akasimama. Alisema pole kwa mama Lumbasi. Kisha akaeleza habari za mbwa: kwamba kama mbwa ingekuwa imefungwa asubuhi ile, mzee Wangila angekuwa namba moja, na Lumbasi namba mbili, na ile kumi na moja ingekuwa ya mtu mwingine aliye hai mpaka leo. Awinja aliona maneno yanaanza kuingia. Liguru alikuwa anaitikia kwa kichwa. Halafu mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasafisha koo.

"Mbwa inaonanga kitu mtu haoni," akasema. "Tujiulize. Ile mbwa ya Wangila haikuwanga kali kwa watu wa hapa. Ilimfukuzia nini?"

Minong'ono ikapita uani. Mbwa aliyekuwa shahidi wa Kageha akahamia upande wa pili hivi hivi, watu wakitazama.

"Mzee, hiyo mbwa iliuma mpaka padri!" Kageha akasema. "Sikizeni. Mimi nimetoka Mukumu sasa hivi. Baba mkubwa amekaa kitandani, ameongea na mimi. Amekunywa uji."

"Uji wa nani?" Ayuma akauliza.

"Wangu. Nilimpikia."

"Yesu wangu," akasema mtu nyuma.

Kageha akageuka huku na huku, akitafuta uso mmoja wa kushika. Akauona wa mamake. Awinja akaangalia chini. Lakini msichana, maskini, alisoma kule kuinama kama huzuni tu, na akapata nguvu.

"Basi sikizeni neno moja, halafu mfanye mtakavyo," akasema, na sauti yake ikatulia. "Kama hiyo namba ni ya kuua, ningeandika kwa mlango wa mama yangu? Niliandika kwa mkono wangu. Kumi na nne. Ndiyo inafuata, si mnasema hivyo? Baba anashuka shimoni kila siku chini ya hiyo namba. Mama analala chini ya hiyo namba. Na hatujafuta, kwa sababu sisi hatuogopi. Twendeni mkaone."

Protus akasimama hapo hapo. "Hilo ndilo neno. Mlango wetu uko na namba. Twende."

Liguru Ambani akaonekana kufurahi, kama mtu aliyetafuta njia ya kutokea akaiona. "Tunaenda," akasema. "Ikiwa mama mzazi ameacha namba, hii maneno tunazika leo. Sitaki kuisikia tena."

Hapo ndipo Awinja alipaswa kusema. Kutoka ua ule mpaka mlango wake hapakuwa mbali, lakini palitosha kwa mtu mwenye ulimi. Angeweza kusema, nilifuta mimi, niliogopa, ni ujinga wangu, mtoto hana kosa. Maneno yote yalikuwepo. Alitembea katikati ya watu, akijiambia atasema wakifika kwenye pengo la ua. Wakapita pengo. Atasema kwenye mgomba. Wakapita mgomba. Kwa nini aliufunga ule mlango? Angeuacha wazi!

Protus alikuwa mbele. Alisimama, akautazama mlango, akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyekosea nyumba. Katikati ya mbao nyeusi kwa moshi wa miaka palikuwa na doa safi, jeupe, la ukubwa wa sinia.

Kageha alisogea akaweka kiganja pale. Majivu yakamshika.

"Nani amefuta?" akauliza, na bado alikuwa hajageuka. "Mama, nani alikuja hapa?"

Watu wote wakamngoja Awinja. Alifungua mdomo.

"Nilikuwa nasafisha mlango," akasema. "Ulikuwa na masizi."

Ayuma hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema polepole, karibu kwa huruma, "Hata mamake anajua." Na maneno hayo yakarudi nyuma mdomo kwa mdomo, mpaka kwa wale waliosimama njiani ambao hawakuona kitu: hata mamake anajua, hata mamake amefuta.

Liguru alivaa kofia yake. "Protus," akasema pembeni, "mimi sina la kuhukumu. Lakini mtoto akae mahali pengine kwa sasa. Watu wakirudi hapa na kiberiti, mimi ni mzee mmoja, siwezi kukulindia nyumba."

*

Kageha alipakia vitu vyake katika lile begi la sensa. Alikuwa anaenda kwa shangazi yake huko Shirere, alikokuwa amekaa kabla ya sensa, akisuka nywele za wanafunzi wanaopanga vyumba huko. Protus alikuwa nje akifunga mzigo kwenye baiskeli, akifunga na kufungua na kufunga tena.

Msichana aliingia chumbani kwa wazazi kutafuta kitana chake, akaona godoro limekunjwa pembeni na mkeka sakafuni.

"Unalala chini, mama?"

"Mgongo..."

"Tangu lini?"

Awinja akaanza kuukunja mkeka.

"Pesa ya sensa haijalipwa," Kageha akasema. "Hata shilingi. Nenda uulize kwa chifu. Hilo godoro nililinunua na pesa ya kusuka."

"Hukuniambia."

"Ungeniuliza ningekuambia. Uliniuliza habari ya mbwa." Akafunga begi. Mlangoni akasimama, mkono juu ya lile doa, na machozi ambayo hakuyatoa mbele ya kijiji kizima yakamtoka. "Siku ile nilikuuliza watoto walio hai, ukasema watatu. Sasa nisaidie, mama. Mimi bado niko kwa hiyo hesabu?"

Awinja alimshika mkono. Kageha hakuuvuta, wala hakuushika. Kisha babake akaita, akatoka.

*

Cornelius alipona. Alirudi kutoka Mukumu amekonda, akila kuliko kawaida, na akasema wazi kwamba ule uji wa wimbi ndio chakula cha kwanza kilichokaa tumboni. Hakuna aliyemsikiliza. Watu walisema amepona kwa sababu Ayuma alifuta. Protus aliendelea kushuka na kupanda shimoni, na walisema anapanda kwa sababu Awinja alifuta. Kijiji kizima kikasugua milango yake, na wino wa Kageha ukaisha Malinya.

Kabla ya Krismasi akafa mtu tena, baba wa watoto wadogo, upande wa kanisani. Awinja alikuwa kati ya wanawake waliokaa kwenye majani wakimenya ndizi za matanga. Mtu akauliza alikuwa namba ngapi. Ingawa ilikuwa imeshafutwa, walioikumbuka hawakukosekana: thelathini na moja.

Wakasimamisha visu. Thelathini na moja haikukaa kwenye mstari wowote. Ilikuwa mbali, haikuwa na jirani aliyekufa. Awinja akaanza kuhisi kitu kinamfunguka kifuani, akatamani kusema: mmeona? mmeona sasa?

"Ngojeni," Ayuma akasema. Akachora chini kwa kidole, akainamisha kichwa. "Thelathini na moja. Si ni kumi na tatu imegeuzwa? Ilikuja kwangu ikakosa, ikageuka."

"Ooo," wanawake wakasema pamoja, na wengine wakashika vifua, na nyuso zao zikatulia, kama watu waliopata walichokuwa wamepoteza. Ayuma alimwangalia Awinja, akingoja naye aseme ooo.

Awinja akaweka kisu chini, akanyanyuka.

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Akaingia jikoni, akachagua kaa moja la mkaa lililozimika, akaenda mbele ya mlango wake. Mkono wake haukuzoea kuandika. Moja ikasimama sawa. Nne ilimshinda mara ya kwanza, akaifuta kwa kiganja, akaandika tena, kubwa, iliyopinda, ya kuonekana kutoka njiani. Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akapunguza mwendo, akatazama, akaongeza mwendo.

Protus alimkuta hapo, viganja vyeusi.

"Unafanya nini, Mama Kageha?"

"Narudisha namba ya mtoto."

Protus akaweka karai chini. "Na yeye hayuko hapa kuiona."

"Najua," Awinja akasema, na akaanza kulia kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani. "Mvua ikiiosha nitaandika tena."